Nilichekesha watu na "digrii ya furaha". Leo nairudia bila mchezo

Nianze na msamaha, juu nimekuwa nikiuchelewesha wiki mbili sasa.

Wale mnanifuata TikTok mnakumbuka ile klipu. Nilivaa koti ya adeer, nikaweka miwani haina vioo, nikajifanya profesa amekuja Garissa kufundisha watu kutabasamu. "Somo la kwanza: tabasamu. Somo la pili: tabasamu hata kama mbuzi wamekufa." Mlicheka, mkatuma kwa watu wenu wa Eastleigh, ikafika mpaka Minneapolis. Sijawahi kupata klipu imeenda hivyo.

Kitu sikuwaambia ni kwamba yule profesa ni mtu wa kweli, na ni abaayo wangu, binti ya adeer. Anafundisha hesabu na kemia kwenye sekondari moja ya kutwa nje kidogo ya mji. Mwaka huu ameamua kuomba shahada ya uzamili, ile ya utafiti, na mada yake ni saikolojia chanya na elimu. Aliandika kwenye grupu ya familia akiomba dua. Adeer mmoja akajibu na ujumbe wa sauti: "Furaha inahitaji digrii tangu lini?" Wengine wakaweka vile vichwa vya kucheka. Mimi nikaona kontenti.

Alinipigia usiku baada ya Isha. Hakunigombeza, na hiyo ndiyo ilinimaliza. Aliuliza tu, "Walaalo, hiyo kozi uliielewa kabla hujaichekea?"

Sikuwa nimeielewa. Basi akanitumia vitu vya kusoma. Mnajua mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo hii ndiyo kazi ya nyumbani ya kwanza nimemaliza tangu nitoke huko, na ningependa nipewe alama.

Nilidhani saikolojia chanya ni zile nukuu za asubuhi. Amka, jipende, dunia iko mkononi mwako. Kumbe ina baba, ana jina, na alianza na mbwa. Anaitwa Martin Seligman, wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania kule Marekani. Mwaka 1967 yeye na mwenzake Steven Maier waliandika kuhusu mbwa waliopigwa shoti ya umeme bila njia ya kuizuia. Baadaye mbwa hao waliwekwa mahali ambapo kuruka kizuizi kifupi tu kungewatoa kwenye shoti. Wengi hawakujaribu. Walilala chini wakangoja iishe. Wakasema mbwa wamejifunza unyonge, yaani wamefundishwa na maisha kwamba lolote watakalofanya halibadilishi kitu.

Miaka ikaenda. Mwaka 1998 Seligman akawa rais wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, na akawaambia wenzake kitu ambacho hata mwalimu wa dugsi angekubali: tumesoma sana ugonjwa wa akili, tumesahau kusoma kinachofanya watu wasimame. Mwaka 2000 yeye na Mihaly Csikszentmihalyi wakaandika makala iliyofungua hiyo njia rasmi. Matumaini, subira, shukrani, kufanya kazi mpaka unasahau saa, watu wanaokujali: hivyo vyote vikawa vitu vya kupimwa kama vile daktari anapima presha. Ndiyo hiyo nilikuwa naigiza na miwani.

Lakini kile kilichonifanya niweke simu chini ni kitu cha mwaka 2016. Karibu miaka hamsini baada ya wale mbwa, Maier na Seligman waliandika tena wakasema tulikuwa tumeisoma kinyume. Kulala chini hakufundishwi. Mabaya yakikupiga kwa muda mrefu, ubongo wenyewe huzima. Kile kinachofundishwa ni kinyume chake: kujua kwamba kuna kitu unaweza kufanya kikabadilisha hali yako. Hicho ndicho mtu hujifunza, na asipofundishwa, hakiji chenyewe.

Nikiwa pale kwenye godoro nikakumbuka Januari 2020.

Wa nje hawawezi kuelewa mwaka ule, wacha niwaeleze kidogo. Kuanzia Novemba 2014, basi liliposimamishwa Mandera na watu 28 wakauawa, wengi wao walimu waliokuwa wanaenda likizo, mwalimu kutoka sehemu nyingine za Kenya akipangiwa kazi Kaskazini Mashariki alikuwa anaaga nyumbani kama anaenda vitani. Tarehe 13 Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, hapa hapa kaunti ya Garissa. Baada ya hapo TSC ilihamisha walimu wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Sitawalaumu waliopanda magari, na yeyote atakayewalaumu kwenye komenti namzuia. Ningekuwa mama ya mwalimu ningelala kwenye geti la TSC mpaka mtoto wangu arudi. Walivuka daraja la Tana wakarudi "Kenya", kama wazee wetu wanavyosema mpaka leo.

Mimi nilikuwa kidato cha pili. Shule yetu ilibaki na prinsipo, mwalimu wa dini, mwalimu mmoja wa Kiswahili, na vijana wawili wa BOM waliotoka kidato cha nne juzi tu. Ratiba ilikuwa bado imebandikwa ukutani. Saa mbili fizikia, saa tatu kasoro baiolojia. Tulikaa. Siku ya kwanza ilikuwa kama sherehe. Siku ya tatu wavulana wakaanza kulala kwenye madawati. Wiki ya pili wengine hawakuja kabisa, na hakuna mtu aliwatafuta, juu nani angewatafuta? Ukiuliza mbwa wa Seligman wanafanana aje, mimi nimekaa darasa moja nao. Nilikuwa mmoja wao.

Halafu kulikuwa na msichana wa kidato cha tatu. Sitamtaja jina. Kaka yake alikuwa amesoma shule moja kubwa ya huko juu na aliacha nyumbani madaftari yake yote. Asubuhi moja akaingia darasa letu, kidato cha pili, si lake, akasimama mbele na daftari la kaka yake, akaandika kwenye ubao: mole. Ile ya kemia. Tukacheka. Akangoja tumalize. Akaendelea. Kesho yake akarudi. Chaki ikaisha, akaleta vipande vya jasi alivyookota pahali watu walikuwa wanajenga, ubao ukawa na mikwaruzo mpaka leo nadhani. Tukaanza kumwita macallimad, mwalimu wa kike, kwanza kwa mzaha, baadaye bila mzaha. Mwezi wa pili ukiisha kila darasa lilikuwa na mtu kama yeye, na mimi, wallahi, mimi niliyekuwa nalala, nilikuwa nafundisha fomu wani historia. Ndiyo mara ya kwanza nilisimama mbele ya watu nikaongea wakasikiliza. Kila klipu mmewahi kuniona nikifanya inatoka pale.

Tarehe 15 Machi serikali ikatangaza shule zifungwe kwa sababu ya korona, na hiyo kitu ikakatika.

Sasa huu ndio msimamo wangu. Kila ripoti ninayosoma kuhusu elimu ya huku inahesabu kile kisichokuwepo. Walimu hawapo, vitabu hakuna, maji hayapo, wasichana wameolewa. Yote kweli, na ihesabiwe, isiache kuhesabiwa. Lakini bado sijakutana na mtu amekuja kuuliza: yale madarasa yaliyoendelea kusoma bila mwalimu yalifanya nini? Nani aliinuka kwanza? Kwa nini darasa letu liliinuka na la shule jirani likalala? Hilo ni swali halisi la utafiti, na taaluma ya kuliuliza ni hii hii niliyokuwa naicheka. Abaayo akiniambia anataka kupima furaha, nitacheka tena. Akiniambia anataka kujua mtoto anajifunzia wapi kwamba mkono wake una nguvu, hapo nanyamaza.

Lakini kuna hatari, na nilimwambia usiku ule ule.

Mtu fulani kwenye ofisi yenye kiyoyozi atasoma tasnifu yake na atakachoona ni hiki: watoto wa Garissa wanaweza kujifundisha wenyewe. Wana ustahimilivu. Haya, pesa za walimu zipelekwe kwingine. Huku tumesifiwa ustahimilivu mpaka tumechoka. Ukame wa 2020 mpaka 2022 ulipokula mifugo, mvua ikakosa misimu mitano mfululizo, tulisifiwa. Aabo alikuwa na ng'ombe, akabaki na kamba zao, na mimi nikaingia chuo 2023 na karo ya kuombaomba. Sikuacha chuo kwa kukosa mtazamo chanya. Mtazamo nilikuwa nao mwingi sana, hata ningekukopesha. Niliacha kwa kukosa pesa. Kwa hivyo tasnifu yoyote kuhusu nguvu za ndani za mtoto wa Kaskazini Mashariki isipotaja idadi ya walimu kwenye ukurasa wa kwanza, kwa maoni yangu ni klipu kama yangu, ila ndefu zaidi na imefungwa jalada gumu.

Na hii taaluma yenyewe ina historia ya kupendeza wenye nacho. Shule iliyofanya "elimu chanya" ijulikane duniani ni Geelong Grammar ya Australia, ambako Seligman na timu yake walienda 2008 kufundisha walimu. Ni shule ya bweni ya matajiri. Hata Mfalme Charles alisoma kwenye kampasi yake ya milimani akiwa kijana, mwaka 1966. Mtoto wa pale akifundishwa kushukuru, ana vitu vingi vya kushukuru. Sisemi ni vibaya. Nasema tusibebe mtaala wa pale tukaushusha Garissa kama vile unashusha magunia ya msaada.

Abaayo alinijibu kwamba ndiyo maana ya kufanya utafiti badala ya kuhubiri. Akaniambia kuhusu Uingereza, ambako walijaribu kufundisha utulivu wa akili mashuleni, zaidi ya wanafunzi 8,000, matokeo yakatoka 2022, na kwa jumla hayakuwasaidia kuliko masomo ya kawaida. Wakachapisha hivyo hivyo. Halafu kuna Bhutan, kule milimani Asia: mwanafunzi wa uzamivu alipima mtaala wa ustawi kwenye sekondari 18, na wanafunzi wakapanda kwa ustawi na pia kwa alama za mtihani. Pengine inafanya kazi, pengine haifanyi. Huwezi kujua ukiwa umekaa kwenye kiti ukivaa miwani haina vioo. (Hiyo ya mwisho aliisema yeye. Nimeikubali.)

Mfano ulionishika zaidi uko karibu na nyumbani. Kuna kikundi kinaitwa Shamiri, kimeanzishwa na Mkenya, Tom Osborn, na wenzake aliosoma nao Harvard. Jina ni Kiswahili chetu, kushamiri. Walichukua vijana waliomaliza sekondari tu, rika la miaka 18 mpaka 22 hivi, wakawafundisha kwa muda mfupi, wakawatuma kwenye shule za Nairobi na Kiambu kukaa na wanafunzi kwa vikundi. Saa moja kwa wiki, wiki nne. Wanaongea kuhusu akili inavyoweza kukua, kuhusu shukrani, kuhusu vitu unavyovithamini. Hakuna kutaja ugonjwa. Mwaka 2021 walichapisha matokeo ya wanafunzi 413: dalili za huzuni kuu na wasiwasi zilipungua zaidi kwao kuliko kwa wale waliofundishwa mbinu za kusoma tu. Waliofanya kazi hiyo hawakuwa madaktari. Ni vijana wa umri wa macallimad wetu.

Lakini Nairobi na Kiambu si hapa. Na hapa ndipo niliona kazi ya abaayo ni ngumu kuliko anavyofikiri adeer.

Wiki iliyopita alikuja nyumbani na dodoso, lile maarufu la Ed Diener la 1985, sentensi tano za kupima mtu anaridhika na maisha kiasi gani, unachagua namba moja mpaka saba. Amelitafsiri kwa Kisomali na Kiswahili, anataka kulijaribu. Akaanza na ayeyo. Ayeyo amezika watoto wawili, amepoteza mifugo mara tatu, na magoti yake hayamruhusu kusujudu bila kiti. Swali la kwanza: alhamdulillah. La pili: alhamdulillah. Abaayo akamwambia, ayeyo, chagua namba. Ayeyo akauliza, "Nimpe Mungu namba?" Akachukua kikombe chake cha chai ya maziwa ya ngamia, mahojiano yakaisha.

Ukijaza saba kila mahali, Garissa ndiyo mji wenye furaha kuliko yote duniani na hatuhitaji chochote. Ukitupa majibu ya ayeyo kwa kusema hajaelewa swali, umetupa kitu cha maana zaidi alichosema. Alhamdulillah yake haimaanishi ameridhika. Ukikaa naye jioni atakupa orodha ya malalamiko mpaka adhana. Anamaanisha hatamlalamikia Mungu mbele ya karatasi. Sasa hiyo unaipima na nini? Mzungu aliyetunga lile dodoso hakuwa na ayeyo wangu akilini, na sioni nani ataligundua hili kama si mtu aliyelelewa na ayeyo. Hii sababu moja pekee inatosha abaayo aende akasome.

Kuna jambo lingine, na hapa naandika polepole. Nilikuwa na miaka kumi na mbili tarehe 2 Aprili 2015. Tulisikia milio alfajiri, tukadhani ni kitu kingine. Watu 148 walikufa Chuo Kikuu cha Garissa siku hiyo, 142 kati yao wanafunzi. Chuo kikafungwa, walionusurika wakapelekwa Moi, Eldoret, na Januari 2016 milango ikafunguliwa tena. Leo watu wanasoma pale. Kwenye saikolojia chanya kuna eneo zima linalotafuta jinsi watu wanavyokua baada ya msiba mkubwa. Sijui kama nataka mtu amuulize aliyejificha kwenye kabati saa kadhaa akisikia wenzake, eti umekua kiasi gani. Abaayo anasema kuna kamati za maadili kwa sababu hiyo, na kibali cha NACOSTI, na mshiriki ana haki ya kusema sitaki. Sawa. Mimi ningeacha eneo hilo kabisa kwa mtu mwenye uzoefu wa miaka ishirini. Yeye naye hajaligusa kwenye pendekezo lake, nikashukuru.

Sasa tufike kwenye ugomvi wetu halisi, juu mpaka sasa mnaweza kudhani tumepatana.

Abaayo ndiye mwalimu pekee wa kemia pale kwake. Akichukua ruhusa ya masomo ya miaka miwili, kidato cha tatu na cha nne wanabaki na ratiba ukutani. Yaani mtu anaenda kusoma jinsi watoto wanavyoishi bila mwalimu, na kwa kuondoka anaongeza idadi yao. Nilimwambia hivyo. Kimya kilikuwa kirefu, nikadhani bando limeisha.

Nikamwambia angalia Dadaab, kilomita kama mia moja tu kutoka hapa. Tangu 2013 kulikuwa na mradi wa vyuo vikuu vya Kenyatta na Moi pamoja na York na British Columbia vya Kanada, kusomesha wakimbizi na wenyeji pale pale. Wengi walikuwa walimu wa shule za kambini. Walifundisha na wakasoma, baadhi wakafika mpaka uzamili wa elimu wa York bila kuondoka kambini. Wakaweza wao, kwa nini wewe uondoke?

Jibu lake nalinukuu lote: "Walaalo, wale walijengewa kituo, wakaletewa wahadhiri, wakapewa ufadhili. Mimi nina vipindi ishirini na nane kwa wiki, madaftari ya kusahihisha, na simu yenye kioo kimepasuka. Nitaandika saa ngapi?"

Ana haki. Bado nasimama pale pale. Afanye utafiti wake Agosti na Desemba, wakati wa likizo. Alicheka akaniambia likizo shule zimefungwa, atamhoji nani, popo? Hapo ndipo nilipata wazo ambalo nadhani ni zuri kuliko klipu zangu zote. Asihoji watoto wa sasa. Atuhoji sisi wa 2020. Tuko wazima, tuna zaidi ya miaka ishirini, hatuhitaji sahihi ya mzazi, na Agosti tuko majumbani. Tunakumbuka nani aliinuka na nani alilala. Na darasa lake la kemia halibaki bila mtu.

Alifikiria. Akasema shida mbili. Ya kwanza, mtu akikumbuka kitu cha miaka mitano iliyopita anakitia chumvi, na wewe walaalo chumvi yako tunaijua. Ya pili, watakaokuja kuhojiwa kwa hiari ni wale waliofaulu. Wenye kazi, wenye digrii. Watasimulia jinsi walivyopambana, na yeye ataandika hadithi tamu ambayo nusu ya darasa haimo. Ndiyo ile hatari niliyoanza nayo mimi mwenyewe.

Kwa hivyo anataka waliokwama wawe wengi kama waliofaulu. Amenipa fomu ya ridhaa, mimi mshiriki namba moja wa kundi la walioacha. Nimeisoma yote, hata maandishi madogo. Inasema naweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu, kitu ambacho chuo hakikuwahi kuniambia.

Halafu akauliza kuhusu macallimad. Yuko wapi? Nikasema alifanya KCSE Machi 2022, alama zake zilitosha, akasubiri karo mwaka mmoja, akaolewa. Nasikia ana watoto wawili na anauza maziwa. Abaayo akauliza yeye yuko kundi gani, la waliofaulu au la waliokwama. Sikuwa na jibu, na kwenye fomu hakuna kisanduku cha katikati.

Namba yake ninayo. Sijawahi kuipiga tangu 2022, kwa sababu ningemwambia nini? Abaayo anataka nimpigie mimi kwanza, asije akapigiwa na mtu asiyemjua. Nimesema kesho, baada ya Asr, akiwa ametoka sokoni. Ile klipu nimeifuta.